Hiroshima, Nagasaki na maswali tunayoyachanganya

Urani iliyotengenezea mabomu ya kwanza ya atomiki, kwa sehemu kubwa, ilitoka Katanga. Mgodi unaitwa Shinkolobwe, uko karibu na Likasi, kusini mwa Kongo iliyokuwa chini ya Wabelgiji. Mawe ya pale yalikuwa na utajiri usio wa kawaida: yapo yaliyofikia asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati migodi mingine duniani ilishukuru kupata hata asilimia moja. Edgar Sengier, mkurugenzi wa kampuni ya Union Minière, aliogopa mawe hayo yasije yakaangukia mikononi mwa Wajerumani, hivyo mwaka 1940 akasafirisha zaidi ya tani 1,000 hadi New York. Yalikaa ghalani Staten Island mpaka Septemba 1942, afisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alipokwenda kuyanunua. Wakongo walioyachimba kwa mikono yao hawakuambiwa yanakwenda kufanya kazi gani.

Nimeanzia huko kwa sababu wako wenzetu wanaolichukulia bomu la atomiki kama ugomvi wa Wamarekani na Wajapani, sisi Waafrika tukiwa watazamaji. Hatukuwa watazamaji. Tulikuwamo kwenye mgodi, na kama nitakavyoeleza, tulikuwamo pia kwenye vita vyenyewe dhidi ya Japani.

Mabishano juu ya mabomu yale mawili, ambayo Marekani iliyaangusha Hiroshima na Nagasaki nchini Japani Agosti 1945, hayafiki mwisho kwa sababu swali linaloulizwa ni moja, "Je, ilikuwa haki?", ilhali ndani yake yamo maswali kadhaa tofauti. Je, mabomu ndiyo yaliyomaliza vita? Kulikuwa na njia nyingine? Bomu la pili linatetewa kwa hoja zile zile za la kwanza? Na hata kama majibu yote yangeiunga mkono Marekani, inaruhusiwa kuua watu wa mji ili serikali yao ikubali kushindwa? Anayejibu moja akadhani kajibu yote anabaki kuzunguka palepale. Lakini kabla ya hayo yote, ni lazima kwanza tujue kilichofanyika.

Yaliyowapata watu

Kiini cha atomu ya urani ya aina ya 235 kikigongwa na chembe iitwayo nyutroni hupasuka vipande viwili. Mpasuko huo hutoa nishati, pamoja na nyutroni nyingine mbili tatu zinazokwenda kugonga viini vya jirani. Urani ikiwa imekusanyika ya kutosha, mpasuko huzaa mpasuko, na mfululizo mzima humalizika kabla jicho halijapepesa. Tatizo ni kwamba aina hiyo haifiki hata asilimia moja ya urani yote inayochimbwa. Ili kuitenga, Marekani ilijenga mji mzima wa viwanda huko Oak Ridge, Tennessee, na maelfu ya wafanyakazi wake hawakujua wanatengeneza nini.

Bomu la Hiroshima lilibeba urani ya kilo 64 hivi. Iliyopasuka kweli haikufika kilo moja. Hiyo ndiyo iliyotoa nguvu sawa na tani 15,000 za baruti ya TNT.

Lililipuka Agosti 6, 1945, saa mbili na robo asubuhi, mita zipatazo 600 juu ya hospitali ya Shima, katikati ya mji. Halikuachwa lifike ardhini, na hilo lilikusudiwa: likilipukia hewani, mshindo wake hutapakaa na kubomoa nyumba nyingi zaidi. Kwanza ulikuja mwanga, na mwanga ule ulikuwa moto. Chini ya kitovu cha mlipuko joto la ardhini lilifikia nyuzi 3,000 hadi 4,000, na chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Wanawake waliovaa kimono zenye maua waliungua kwa kufuata maua hayo, maana nguo nyeusi hufyonza joto na nyeupe hulirudisha, kwa hiyo michoro ya kitambaa ikabaki migongoni mwao. Kwenye ngazi za benki ya Sumitomo, mita 260 kutoka kitovu, alikuwa amekaa mtu akisubiri milango ifunguliwe. Jiwe la ngazi liligeuka jeupe kwa joto, isipokuwa pale mwili wake ulipolikinga. Doa hilo jeusi lipo hadi leo katika makumbusho ya Hiroshima.

Asubuhi ile kulikuwa na maelfu ya wanafunzi barabarani, wengi wa miaka 12 na 13. Walikuwa wamepangiwa kazi ya kubomoa nyumba ili kufungua njia pana zitakazozuia moto iwapo ndege za Marekani zingekuja na mabomu ya kawaida. Walikuwa nje, juani, bila chochote cha kuwakinga. Mmoja wao alitambuliwa na mama yake kwa sababu ya kopo la chakula lililokuwa chini ya mwili wake. Ndani yake wali wa asubuhi ulikuwa umegeuka makaa. Kopo hilo nalo limehifadhiwa makumbusho, wali ukiwa bado ndani, na mimi sijui hoja ya kijeshi inayoweza kusimama mbele yake bila kusita.

Msaada haukuja, kwa kuwa waliopaswa kuuleta walikuwa miongoni mwa wafu. Zaidi ya asilimia 90 ya madaktari na wauguzi wa mji waliuawa au kujeruhiwa. Nyumba nyingi zilikuwa za mbao, na moto uliozuka mahali pengi kwa wakati mmoja ukaungana kuwa moto mmoja. Baadaye ikanyesha mvua nyeusi, yenye masizi na vumbi la mionzi, na watu wenye kiu kali wakaikinga kwa midomo yao.

Kisha kikaja kitu ambacho hakuna daktari aliyewahi kukiona. Mtu ametoka salama, hana hata mkwaruzo, amefika kwa ndugu zake, anasimulia. Baada ya wiki mbili hivi nywele zinaanza kutoka kwa mafungu. Fizi zinavuja damu, madoa ya zambarau yanajitokeza kwenye ngozi, homa inapanda, anafariki. Mionzi ilikuwa imeua uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa, kwa hiyo mwili haukuweza tena kupambana na ugonjwa wala kuzuia damu isivuje. Miaka michache baadaye saratani ya damu ikaanza kupanda, hasa kwa waliokuwa watoto. Sadako Sasaki alikuwa na miaka miwili bomu lilipoanguka. Alikua mzima, mwenye mbio shuleni, akafariki kwa ugonjwa huo mwaka 1955 akiwa na miaka 12.

Manusura hao, wanaojulikana kama hibakusha, walibeba na aibu isiyo yao. Wengi walificha kwamba walikuwa Hiroshima au Nagasaki kwa hofu ya kukosa wachumba, maana iliaminika kuwa watazaa watoto wenye kasoro. Watoto waliokuwa tumboni wakati wa mlipuko waliumia kweli, wengine wakazaliwa na vichwa vidogo na ulemavu wa akili. Lakini kwa watoto waliotungwa mimba baadaye, utafiti wa miongo mingi haujaonyesha ongezeko la kasoro za kurithi. Watu walinyimwa ndoa kwa jambo ambalo halikuthibitika.

Kufikia mwisho wa mwaka 1945, makadirio yanayotumika zaidi ni watu 140,000 waliokufa Hiroshima na zaidi ya 70,000 Nagasaki. Hesabu za awali za Wamarekani zilikuwa chini ya hapo. Miongoni mwa wafu walikuwamo maelfu ya Wakorea, wengi wao waliopelekwa Japani kufanya kazi wasiyoichagua. Hao walikuwa wahanga wa Japani kabla ya kuwa wahanga wa Marekani.

Hoja ya wanaotetea, kwa uzito wake

Ni rahisi kuisimulia Hiroshima ukaisahau Japani ya wakati ule. Nisingependa kufanya hivyo. Jeshi la Japani lilikuwa limeua mamilioni ya watu China na Asia ya Kusini-Mashariki. Katika mji wa Nanjing, China, mwaka 1937 liliua raia na mateka kwa wiki kadhaa mfululizo. Kikosi chake cha 731 kilifanya majaribio ya magonjwa kwa binadamu walio hai. Na kila mwezi vita vilivyoendelea, watu wa Asia waliendelea kufa.

Watu wetu nao walikufa. Februari 12, 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives. Walipotea watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Mwaka huohuo askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo) walipigana na Wajapani katika Bonde la Kabaw nchini Burma, kwenye matope na malaria. Kwa askari aliyekuwa kwenye foleni ya vita hivyo, habari kwamba vimekwisha ilimaanisha anarudi nyumbani. Sina ujasiri wa kumwambia mtu huyo au wajukuu zake kwamba furaha yao ilikuwa kosa.

Kisha ipo Okinawa. Kati ya Aprili na Juni 1945 kisiwa hicho kimoja kiligharimu maisha ya Wamarekani zaidi ya 12,000, Wajapani wapatao 100,000 wenye silaha, na raia wa Okinawa kwa makumi ya maelfu. Viongozi wa Marekani walijiuliza visiwa vikuu vya Japani vingegharimu wangapi. Idadi ya majeruhi na wafu milioni moja wa Kimarekani, inayotajwa mpaka leo, ilipata umaarufu kupitia makala ya Henry Stimson, aliyekuwa Waziri wa Vita, mwaka 1947. Makadirio yaliyowekwa mezani kwa Rais Harry Truman Juni 1945 yalikuwa madogo kuliko hayo. Hata hivyo, madogo hapa bado ni maelfu kwa maelfu ya vijana, na rais anayeambiwa hivyo hawezi kuyapuuza.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema Japani ilikuwa tayari inasalimu amri na Marekani ikapiga kwa ukatili mtupu. Wamarekani walikuwa wanasoma simu za maandishi za siri kati ya Tokyo na balozi wa Japani kule Moscow. Julai 1945, Waziri wa Mambo ya Nje Shigenori Togo alikuwa anatafuta Wasovieti wawe wapatanishi, lakini aliandika wazi kwamba kusalimu amri bila masharti hakukubaliki. Japani ilikuwa imeshindwa vita, ila ilikuwa haijakubali kushindwa. Kati ya hayo mawili ndipo watu walipoendelea kufa.

Nini kilimaliza vita

Uamuzi ulikuwa mikononi mwa wanaume sita, Baraza Kuu la Vita la Japani. Watatu walitaka amani kwa sharti moja, cheo cha Mfalme Hirohito kisiguswe. Watatu waliongeza masharti mengine, likiwemo kwamba Japani isikaliwe na majeshi ya kigeni.

Hiroshima ilipigwa Agosti 6, na baraza halikukutana siku hiyo wala iliyofuata. Lilikutana asubuhi ya Agosti 9, saa chache baada ya jeshi la Kisovieti kuvamia Manchuria, eneo la kaskazini-mashariki mwa China lililokuwa mikononi mwa Japani. Uvamizi huo ulifunga mlango ambao Tokyo ilikuwa inautegemea: Stalin hangekuwa tena mpatanishi, amekuwa adui. Katikati ya kikao ikaingia habari kwamba Nagasaki nayo imepigwa. Kura zikabaki palepale, tatu kwa tatu. Usiku huo Hirohito mwenyewe akaingilia na kukata shauri.

Wanahistoria wanagawanyika juu ya kipi kilikuwa na uzito zaidi, bomu au Wasovieti. Hirohito mwenyewe alitoa ushahidi wa pande zote mbili. Katika tangazo lake kwa wananchi Agosti 15 alilitaja bomu jipya la kikatili. Siku mbili baadaye, akiwaambia askari waweke silaha chini, aliwataja Wasovieti, bomu hakuligusa. Ninavyoona mimi, vilifanya kazi pamoja, na anayedai kwa uhakika kwamba bomu peke yake lilimaliza vita anasema zaidi ya ushahidi uliopo.

Njia nyingine zilikuwepo, na ni hapa utetezi unapoanza kulegea. Mara nyingi tunaambiwa chaguo lilikuwa bomu au uvamizi. Uvamizi ulikuwa umepangwa Novemba 1. Ilikuwa imebaki karibu miezi mitatu. Truman alijua kutoka kwa Stalin kwamba Wasovieti wangeingia vitani Agosti, na Julai 17 aliandika kwenye shajara yake kwamba likitokea hilo Wajapani wamekwisha. Stimson alipendekeza Japani ihakikishiwe kwamba ufalme wao utabaki. Sentensi hiyo ikaondolewa kwenye Tamko la Potsdam la Julai 26, lililoitaka Japani isalimu amri, na baada ya vita ufalme ukaachwa ubaki hata hivyo. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba kungoja kungefaulu. Kuendelea kuizingira Japani baharini kungeua raia kwa njaa, nalo si jambo dogo. Lakini ukisema "hapakuwa na njia nyingine", unasema kitu ambacho waliokuwa chumbani wenyewe hawakukiamini. William Leahy, mkuu wa wafanyakazi wa kijeshi wa Truman, aliandika mwaka 1950 kwamba silaha ile ya kishenzi haikuwa msaada wa maana dhidi ya Japani iliyokwisha kushindwa.

Jambo moja husahaulika. Usiku wa Machi 9 kuamkia 10, 1945, ndege za Marekani zilimwaga mabomu ya moto juu ya Tokyo, na watu wapatao 100,000 wakafa usiku mmoja. Kufikia Agosti zaidi ya miji 60 ya Japani ilikuwa imechomwa. Waliopanga Hiroshima hawakuona kama wanavuka mpaka wa kuua raia, kwa sababu mpaka huo walikuwa wameshauvuka miezi mitano nyuma. Hilo linaeleza uamuzi wao. Haliuhalalishi.

Nagasaki ni kesi nyingine

Amri ya kutumia bomu ilitolewa Julai 25. Ilisema bomu la kwanza lipigwe hali ya hewa ikiruhusu baada ya Agosti 3 hivi, na mengine yafuate kadiri yatakavyokuwa tayari. Ndiyo kusema hakuna aliyeketi baada ya Hiroshima akauliza kama la pili linahitajika. Lilipangwa Agosti 11, likasogezwa hadi tarehe 9 kwa sababu ya utabiri wa hali ya hewa. Daktari Yoshio Nishina, mwanafizikia wa Japani, alikuwa amefika Hiroshima jana yake tu kuthibitisha kwamba kweli ni bomu la atomiki.

Ndege ilikuwa inakwenda mji wa Kokura. Ikazunguka mara tatu, mawingu na moshi vikaziba, ikageukia Nagasaki. Saa tano na dakika mbili bomu la plutoni, kitu kingine kinachopasuka kama urani, lenye nguvu ya tani 21,000 likalipuka juu ya bonde la Urakami, mbali na shabaha iliyokusudiwa, karibu na kanisa kuu la jumuiya kubwa ya Wakatoliki wa Japani. Waumini waliokuwa ndani wakisubiri kuungama walikufa wote. Watu zaidi ya 70,000 kwa ajili ya kura ambazo hazikubadilika hata moja. Kwa Hiroshima naelewa kwa nini mtu mwenye akili timamu anaweza kubishana nami. Kwa Nagasaki sijakutana na hoja inayosimama.

Linabaki swali gumu kuliko yote. Katika vita raia hufa hata pale asiyekusudia anapopiga ghala la silaha. Hiroshima ilikuwa na makao makuu ya jeshi na askari kwa maelfu, hilo ni kweli. Lakini kamati iliyomshauri Truman ilipendekeza kiwanda muhimu cha vita kilichozungukwa kwa karibu na nyumba za wafanyakazi, na shabaha iliyochaguliwa ilikuwa daraja la Aioi, katikati ya mji. Kifo cha watu wale ndicho kilichokuwa ujumbe kwa Tokyo. Truman aliandika Julai 25 kwamba amemwagiza Stimson shabaha iwe askari, si wanawake na watoto, na Agosti 9 akaiita Hiroshima redioni kambi ya kijeshi. Mtu haelezi hivyo jambo analoona ni halali lilivyo.

Wanaosema Wajapani walistahili, kwa Nanjing na kwa Kikosi cha 731, na wamtafute mwenye hatia. Yule mtoto wa kopo la wali hakwenda Nanjing. Wakuu wa Kikosi cha 731 walisamehewa na Wamarekani ili watoe matokeo ya majaribio yao. Na Hirohito, ambaye vita vyote vilipiganwa kwa jina lake, hakushtakiwa. Alifariki akiwa mfalme mwaka 1989.

Agosti 10 Truman aliagiza bomu jingine lisipigwe bila idhini yake mwenyewe, ingawa la tatu lingekuwa tayari siku chache baadaye. Aliwaambia mawaziri wake kwamba wazo la kuangamiza watu wengine 100,000 linatisha mno, na akawataja watoto. Mwaka 1963 mahakama ya wilaya ya Tokyo, katika kesi ya Shimoda, iliamua kuwa mabomu yote mawili yalivunja sheria ya kimataifa, ila manusura walioshtaki hawakupewa fidia. Mwaka 1996 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema matumizi ya silaha hizi kwa ujumla yanakiuka sheria za vita. Kwa hali ya mwisho kabisa, taifa linapokuwa kati ya kufa na kupona, majaji walisema hawawezi kutoa uamuzi, nao waligawanyika saba kwa saba mpaka rais wao, Mohammed Bedjaoui wa Algeria, akapiga kura ya kuamua. Nchi tisa zinazoshikilia vichwa takriban 12,000 vya nyuklia leo hujificha ndani ya upenyo huo. Marekani ya Agosti 1945 isingeweza hata kuingia humo, kwa sababu haikuwa inapigania uhai wake. Ilikuwa inashinda.